Ruzuku ya mshahara inamlipa kijana awepo kazini. Anayemfundisha analipwa na nani?

Nati na Bolti (mtoa mada)

Wakuu, poleni na majukumu, na walio benchi poleni kwa kusubiri.

Kila ajira zikikaza, hoja ya ruzuku ya mshahara inarudi. Mfuko wa umma umlipe mwajiri sehemu ya mshahara, yeye amchukue mtu asiye na kazi, mtu huyo ajifunze hapo hapo kazini, na miezi ikiisha abaki au aondoke akiwa na ujuzi. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Halafu mmoja anasema hiyo ni sadaka kwa matajiri, mwingine anajibu bora hiyo kuliko vijana kushinda kijiweni, na mjadala unaishia kwenye ubishi wa vyama.

Mimi naomba tuitazame kutokea sakafuni, penye mashine. Nimekuwa msimamizi wa karakana ya vyuma, na wanagenzi wa mpango wa namna hii wamepita mikononi mwangu kwa awamu mbili. Jina la karakana nalihifadhi, na la mpango pia.

Awamu ya kwanza tuliletewa vijana wanne. Mfuko ulikuwa unarudisha nusu ya mshahara wa kila mmoja kwa miezi sita. Bosi alifurahi, na simlaumu, kapata watu wanne kwa gharama ya wawili. Mmoja nikampeleka kwa mkerezaji wetu mkongwe, fundi wa kuchonga chuma kwa mashine, mtu ambaye akiipitisha shafti (ule mti wa chuma unaozunguka) kidole gumba anakwambia imelika kiasi gani. Shida ni kwamba mkongwe huyo analipwa kwa kipande. Kila akisimamisha mashine amwonyeshe kijana namna ya kunoa kisu cha kukerezea, kipande kimoja kimempita. Siku ya tatu kijana akapewa fagio akusanye mabaki ya chuma. Siku ya nne alilikuta fagio linamsubiri pale pale.

Mwezi wa tano nikampa kalipa, kile kipimo cha kubania kitu ujue unene wake, apime shafti. Akaibana vizuri, akainua macho, akasema 32. Nikamwambia malizia. Akatazama tena, akasema 32. Ilikuwa milimita 32.6. Hizo nukta sita zinasomwa kwenye kipimo kidogo cha chini, unalinganisha vistari mpaka upate kile kinachokutana sawasawa na cha juu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Miezi mitano, hatua nne kutoka kwenye mashine.

Na kile kitabu cha mafunzo? Kina safu ya tarehe, kazi iliyofanyika na saini, kila wiki. Wiki ya mwisho meneja alikaa nacho mezani akazisaini wiki zote 26 kwa mkupuo mmoja. Kalamu ya bluu ilimwishia wiki ya 15, akamalizia na nyeusi. Mkaguzi alipokuja akafungua, akahesabu saini, zimetimia, akagonga muhuri. Ripoti ikasoma: wanagenzi wanne wamehitimu.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Fedha ile ilinunua muda wa kijana kuwa ndani ya geti. Mafunzo hakuna aliyeyanunua. Aliyetakiwa kufundisha ndiye aliyekuwa anapoteza, na jina lake halikuwemo kwenye fomu hata moja.

Nawasilisha.

Msumari Mrefu

Mtoa mada nimekusoma ila bosi wako unambembeleza. Biashara ni hesabu. Leo umeletewa watu kwa nusu bei, miezi sita ikiisha unaomba wengine wanne, na wale wa mshahara kamili unawapunguza mmoja mmoja. Mpango mzima ni kumtoa baba mlango wa mbele na kumwingiza mwana mlango wa nyuma. Mafunzo ni jina la kwenye bango.

Kapu la Maswali

Naunga mkono hoja. Ila nauliza, nchi zilizofanya hili haziku­liona hilo?

Mezani kwa Hazina

Zililiona, na zimelitungia sheria, kwa viwango tofauti vya mafanikio.

Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Januari 2014. Mwajiri akiwa na kijana anayestahili, kwa kawaida wa miaka 18 hadi 29, anapunguza kodi ya mishahara anayotakiwa kuipeleka mamlaka ya mapato. Ilipoanza, kiwango cha juu kilikuwa randi 1,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza wa kijana huyo, na nusu yake mwaka wa pili. COSATU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walipinga vikali kwa hoja hii hii ya Msumari. Sheria ina kifungu: ukithibitika umemwondoa mfanyakazi ili uingize wa ruzuku, adhabu ni randi 30,000 kwa kila uliyemwondoa.

Wajerumani wamekwenda njia nyingine. Ofisi ya ajira inaweza kumlipia mwajiri mpaka nusu ya mshahara, kwa kawaida kwa muda usiozidi miezi 12, lakini ruzuku ikikoma anatakiwa aendelee naye kwa kipindi kinacholingana na kile alicholipiwa. Akimwachisha bila sababu ya msingi, sehemu ya fedha anairudisha.

Marekani nayo, mwaka 1977 na 1978, ilitoa nafuu ya kodi kwa mwajiri ambaye malipo yake ya mishahara yamekua kuzidi asilimia 102 ya mwaka uliotangulia. Yaani hulipwi kwa kubadilisha watu, unalipwa kwa kuongeza. Imekaa kijanja, ila nayo ina tundu: kampuni ambayo ingekua hata bila nafuu hiyo inapokea tu, ahsante sana.

Msumari Mrefu

Hiyo randi 30,000 ni nzuri kusoma. Niambie nani anathibitisha. Mkataba wa muda ukiisha kimya kimya hakuna aliyefukuzwa.

Mezani kwa Hazina

Hapo sina ubishi. Ndiyo maana ule utaratibu wa Kijerumani naupenda zaidi. Hauulizi nani katoka. Unauliza huyu uliyelipiwa, leo yuko wapi.

Zamu ya Usiku

Jamani na sisi tuliopita huko tuseme.

Mimi nilikuwa miezi sita kwenye kiwanda cha kufungasha. Nikisema nilijifunza mashine nitakuwa nawadanganya, nilibandika lebo na kusukuma toroli. Lakini kabla ya hapo nilikuwa natuma maombi mpaka nikazoea kutojibiwa. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili, na uzoefu huupati bila kazi. Ile miezi sita ilinipa mtu mmoja tu wa maana: msimamizi wa zamu ambaye mwajiri mwingine akimpigia, anapokea na kusema "huyu anakuja kwa wakati na haibi". Kazi niliyo nayo sasa niliipata kwa simu hiyo moja. Kwa hiyo mkiponda, pondeni kwa adabu.

Nati na Bolti

Zamu ya Usiku, umenigusa. Lakini jiulize, msimamizi yule angehama au angefariki, ungebaki na nini mkononi?

Zamu ya Usiku

Ningebaki na fulana ya kiwanda mkuu 😂

Mezani kwa Hazina

Kisa cha Zamu ya Usiku kina ndugu zake na kina wapinzani wake.

Mpinzani ni Jordan. Mwaka 2010 wahitimu wa kike wa vyuo vya jamii walipewa vocha kwa kura, baadhi wapate na wengine wasipate, ili tofauti ionekane bila kupendelea. Vocha ilimlipa mwajiri dinari 150 kwa mwezi, sawa na kima cha chini cha mshahara cha wakati ule, kwa muda usiozidi miezi sita. Vocha ikiwa hai, waliokuwa kazini walipanda kwa karibu pointi 40 za asilimia. Kupanda kwa namna hiyo ni nadra mno. Vocha ilipokwisha, wengi wakatoka, na baada ya muda huwezi kumtenganisha aliyepewa na asiyepewa. Simu hazikupigwa, au zilipigwa zikakuta hakuna nafasi.

Ndugu yake ni Uingereza, ule mpango wa mwaka 2009 baada ya mtikisiko wa kifedha. Walitoa hadi paundi 6,500 kwa kila nafasi ya angalau miezi sita, hasa kwenye halmashauri na mashirika yasiyotafuta faida. Serikali iliyofuata ikaufuta, kwa hoja kwamba ni ghali. Tathmini ya wizara yao wenyewe ikatoka mwaka 2012 ikasema kinyume: hata miaka miwili tangu waanze, walioshiriki walikuwa kazini zaidi ya wenzao wasioshiriki, na kila mshiriki aliiletea jamii faida ya takriban paundi 7,750. Maiti imeshazikwa ndipo daktari anasema mgonjwa alikuwa mzima.

Kapu la Maswali

Swali la mjinga: kwa nini tusimpe kijana mwenyewe hiyo vocha, azunguke nayo? Akifika mlangoni anaitoa, "nichukue, nusu yangu imelipwa". Mwajiri gani atakataa?

Mezani kwa Hazina

Si la mjinga, limeshajaribiwa. Dayton, Ohio, mwaka 1980 hadi 1981. Watu waliokuwa wanapokea misaada ya serikali walipewa vocha za kuonyesha kwa waajiri, kundi lingine likatafuta kazi mikono mitupu. Waliopata kazi wenye vocha walikuwa karibu asilimia 13. Mikono mitupu, karibu asilimia 21.

Msumari Mrefu

Umegeuza namba?

Mezani kwa Hazina

Sijageuza. Mchumi Gary Burtless aliyaandika matokeo hayo mwaka 1985, na kichwa cha makala yake kinauliza kama ruzuku za kulenga kundi fulani zina madhara. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vocha ilifanya kazi ya alama ya paji la uso. Mwajiri akiiona anajiuliza: huyu ana nini mpaka serikali imnunulie nafasi?

Ila usiichukue Dayton kama msahafu. Afrika Kusini, kabla ya ile sheria, watafiti waliwagawia vijana vocha kama hizo, na mwaka mmoja baadaye, na hata miaka miwili, wenye vocha walikuwa mbele kwa takriban pointi 7 za asilimia katika ajira ya mshahara. Cha kuchekesha, vocha zilizotumika kweli ni chache sana. Inaonekana karatasi iliwapa vijana ujasiri wa kuingia ofisi ambazo wangezipita kwa mbali.

Daftari la Mishahara

Mimi ni mhasibu wa mishahara. Mnajadili sera, nami nauliza jambo la kijinga kuliko Kapu: fedha inaingia lini?

Utaratibu wa kurejeshewa uko hivi. Mwajiri analipa mshahara mzima mwisho wa mwezi kutoka mfukoni. Kisha anaandaa madai: mkataba, karatasi ya mahudhurio, uthibitisho wa malipo ya benki, namba ya mlipakodi, saini ya kijana. Ikikosekana moja, faili linarudi. Ikitimia, anasubiri. Mwajiri mkubwa mwenye watu kama mimi watatu hana wasiwasi. Fundi mwenye karakana ya watu wanne, ambaye ndiye angemfundisha kijana kazi yote mwanzo mwisho kwa sababu hana pa kumficha, mwezi wa pili kashachoka. Nimeandaa madai ya namna hii, najua faili lilivyo nene. Mwisho wa siku ruzuku inaangukia kwa wale wale wanaojua kujaza fomu.

Mezani kwa Hazina

Daftari, ngoja nikuongezee. Uingereza tena, mpango wa mwaka 2020 wakati wa korona, ulioitwa Kickstart. Vijana wa miaka 16 hadi 24 waliokuwa kwenye msaada wa serikali, miezi sita, saa 25 kwa wiki kwa kima cha chini, yote juu ya serikali. Mwanzoni walimtaka mwajiri awe na nafasi zisizopungua 30, la sivyo apite kwa wakala. Nani mwenye duka la vipuri ana nafasi 30? Sharti likaondolewa Februari 2021, miezi kadhaa ikiwa imeshayoyoma.

Na hapa ndipo panapomhusu mtoa mada. Mbali na mshahara, kila nafasi ilikuwa na paundi 1,500 za kuandaa mahali pa kazi, kumsaidia kijana na kumfundisha. Fungu tofauti kabisa. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipoukagua mwaka 2021 ikasema wizara haikuwa na uhakika wa kutosha kuhusu ubora wa nafasi hizo.

Nati na Bolti

Yaani fungu la kufundishia lilikuwepo, halafu hakuna aliyekwenda kumpa kijana kalipa apime. Nimeelewa.

Chaki na Bisibisi

Nimechelewa kuingia, nilikuwa darasani. Nafundisha ufundi.

Kuna utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la *Econometrica* ambao naona ndio unaojibu uzi huu. Vijana waligawanywa. Kundi moja likapelekwa vyuo vya ufundi miezi sita. Jingine likapelekwa kwa waajiri wadogo, nao wakalipwa wawafundishe kazini kwa miezi sita hiyo hiyo. Kundi la tatu halikupata kitu. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalilizidi la tatu kwa ajira na kipato. Lakini mwendo ukatofautiana. Wa kwa waajiri walichomoka mapema, ni kawaida, walikuwa tayari ndani. Baada ya muda, wale wa chuo wakawapita.

Sababu ndiyo tamu. Kazi za vijana hazidumu, leo unayo kesho huna. Aliyesoma chuo akianguka anasimama upesi, kwa sababu ujuzi wake umeandikwa kwenye cheti ambacho mwajiri wa pili anakisoma. Aliyefundishwa na mwajiri anao ujuzi, lakini unakaa kichwani mwake na machoni mwa bosi wake wa kwanza. Mwajiri wa pili hauoni.

Zamu ya Usiku

Kumbe ndiyo maana mimi nilihitaji simu.

Chaki na Bisibisi

Ndiyo hiyo ndugu yangu. Simu yako ilikuwa cheti cha mdomo.

Msumari Mrefu

Mwalimu naye anavutia upande wake 😀 Vyuoni mnafundisha kwa mashine ambazo viwanda vilishazitupa.

Chaki na Bisibisi

Sikatai. Ninayo moja ina umri kunizidi. Kwa hiyo sisemi kijana asiende kazini. Nasema akienda, mtu wa nje aje ampime, na karatasi atakayopewa isisainiwe na yule anayefaidika na saini.

Nati na Bolti

Nirudi kidogo niwaambie awamu ya pili, maana niliahidi mbili.

Baada ya ile ya kwanza niliandika barua ndefu, ya hasira kusema kweli. Sijui kama ndiyo iliyosaidia au walikuwa wameshaamua. Awamu ya pili masharti yakaja yamebadilika. Fedha haikuongezeka. Iligawanywa. Sehemu ya mshahara ikabaki kwa bosi, pungufu ya ile ya mwanzo, na sehemu ikatengwa kwa jina la fundi anayefundisha, inalipwa kwa kila hatua kijana anayofaulu. Hatua zilikuwa saba: kusoma kipimo, kunoa kisu, kusawazisha uso wa chuma, na kuendelea mpaka kukata nyuzi za bolti. Mpimaji alitoka chuo cha jirani, anakuja na kipande chake na kipimo chake. Kijana anapewa mchoro, anakereza, mpimaji anapima. Kikikubali, fundi analipwa mwezi huo.

Mkongwe wangu yule yule wa fagio, mngemwona. Wiki ya kwanza kamwita kijana, kamwekea mkono juu ya mkono kwenye gurudumu la mashine, anamwambia "usitazame, sikiliza". Chuma kikikatwa vizuri kinatoa sauti moja, kisu kikibutuka sauti inapasuka. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo nilichowahi kusaini. Mchana yeye ndiye anayemkumbusha kijana hatua ya tatu bado.

Nisipambe. Bosi alilalamika mpaka mwisho kwamba analipiwa kidogo, na safari hiyo alichukua watatu badala ya wanne. Kati ya hao watatu, mmoja aliacha mwezi wa pili, alipata kibarua kinacholipa zaidi. Mmoja alifika hatua ya tano. Mmoja alimaliza zote saba na alibaki karakana. Na uzalishaji wa mkongwe ulishuka miezi miwili ya kwanza, hilo lazima liandikwe. Ukimwambia mwajiri kufundisha hakuna gharama, unamdanganya na yeye anajua unamdanganya. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 inakiri hivyo waziwazi: mwajiri anarejeshewa mpaka nusu ya mshahara, na inaweza kufika asilimia 75, kufidia gharama ya ziada ya mafunzo na usimamizi. Wameitaja gharama kwa jina lake. Mimi naongeza tu kwamba ifike kwa aliyeibeba.

Daftari la Mishahara

Kumlipa fundi kwa jina lake maana yake faili jingine. Nani anajaza?

Nati na Bolti

Mpimaji. Fomu ya ukurasa mmoja, tarehe, hatua, vipimo, saini yake na ya kijana. Karakana haikugusa kalamu.

Daftari la Mishahara

Hapo nimekubali. Nitumie mfano wa hiyo fomu faragha.

Msumari Mrefu

Mimi bado nina donge langu, ila hiyo ya mpimaji wa nje siipingi. Swali la mwisho mtoa mada. Yule wa 32, wa fagio, aliishia wapi?

Nati na Bolti

Alirudi miezi kama minne baadaye kuomba barua ya utambulisho, kuna mahali walikuwa wanataka mkerezaji. Nikamkaribisha ofisini, nikachukua karatasi. Jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, hapo hapakuwa na shida. Nilipofika kwenye "ujuzi alioupata" nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko ilivyostahili, yeye amesimama mlangoni. Nikaandika: nidhamu, kufika kwa wakati, usafi wa karakana.

Akaisoma pale pale. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akasema ahsante mzee.